Upatanisho wa Kisarufi na Upatanisho wa Wapiganaji: Lugha ya Kufungua Mazungumzo ya Amani ya Burundi, Ikisikilizwa Kutoka Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Wanasarufi wa Kiswahili huuita uhusiano wa kiima na kitenzi "upatanisho wa kisarufi". Wanahabari huiita kazi ya kuwakutanisha mahasimu "upatanisho". Makala haya yanaichukulia sadfa hiyo kwa uzito. Yanahakiki msamiati na miundo ambayo Kiswahili hutumia kuelezea kufunguliwa kwa mazungumzo kati ya serikali na kundi lenye silaha. Mfano unaotumika ni wa Burundi, kuanzia Mwanza mwaka 1996 hadi Dar es Salaam mwaka 2006, na mahali pa kusikilizia ni makambi ya wakimbizi ya Kibondo na Kasulu. Hoja kuu ni kwamba swali gumu la kila ufunguzi, yaani nani anahesabika kuwa upande, hupata jibu katika sarufi kabla ya kulipata ukumbini. Na kwamba sarufi hiyohiyo humwacha mkimbizi nje ya kiima cha sentensi ya mapatano.

Utangulizi

Tarehe 15 Juni 1998 wajumbe wa Serikali ya Burundi, wa Bunge lake na wa vyama vya siasa walikutana Arusha chini ya Mwalimu Julius Nyerere. Duru hiyo ilimalizika tarehe 21 Juni kwa tamko lililoahidi kusimamishwa kwa mapigano kuanzia tarehe 20 Julai. Mapigano hayakusimama. Sababu moja ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: wengi wa walioshika bunduki hawakuwa ukumbini. Léonard Nyangoma aliketi kwa jina la CNDD ilhali mwezi mmoja kabla yake tawi la kijeshi, FDD, lilikuwa limejitenga naye chini ya Jean-Bosco Ndayikengurukiye. Étienne Karatasi aliketi kwa jina la Palipehutu ilhali FNL, iliyokuwa ikipigana, ilikwisha kumkana. Majina yalikuwa mezani, na wenye kupigana walikuwa msituni.

Magharibi ya mbali, katika nyanda za juu za Kigoma, Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 waliishi Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, na Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Habari za Arusha ziliwafikia kwa redio, na kwa lugha zaidi ya moja. Kulikuwa na idhaa ya Gahuzamiryango ya BBC kwa Kirundi na Kinyarwanda. Kulikuwa na Radio Kwizera iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi. Na kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa Kiswahili. Wenyeji wao, Waha, waliweza kusikiliza zote tatu, kwa kuwa Kiha na Kirundi hukaribiana kiasi kwamba mtu wa Mabamba na mtu wa ng'ambo ya mpaka huelewana bila mkalimani. Kiswahili katika makambi kilikuwa lugha ya ofisi, ya polisi, ya kibali cha kutoka kambini na ya soko. Wala hakikuwa lugha ya mkataba wenyewe, ijapokuwa mkutano ulifanyika katika nchi inayojivunia Kiswahili.

Hali hiyo ina faida kwa mhakiki. Mahali ambapo habari ileile husikika kwa lugha mbili zilizo jirani, maneno ambayo kwingineko hupita bila kutazamwa huanza kuonesha mishono yake.

Mazungumzo ya mtu mmoja

Neno linalotumika zaidi katika Kiswahili kwa tendo hili ni "mazungumzo". Ni neno la barazani, lenye harufu ya kahawa na alasiri isiyo na haraka. Kimofolojia lina upungufu ambao haujapewa uzito: kitenzi "zungumza" hakina kiambishi cha kutendana. Jaribio ni rahisi. Sentensi "Rais amezungumza" imekamilika. Sentensi "Rais amepatana" inamwacha msikilizaji akingoja: na nani? Vivyo hivyo "wamekubaliana", "wameafikiana" na "wamejadiliana" hudai watu wawili au zaidi, kwa kuwa kiambishi -an- kimefungwa ndani ya shina. "Zungumza" hakidai. Mtu mmoja anaweza kuzungumza na umma mzima ambao hauna namna ya kumjibu.

Ushahidi bora wa jambo hili ulitoka katika redio ileile iliyosikilizwa Kibondo. Kwa miaka mingi Redio Tanzania ilikuwa na kipindi kilichoitwa "Mazungumzo Baada ya Habari". Katika kipindi hicho sauti moja ilieleza msimamo, ikakemea, ikaonya, ikahimiza. Hapakuwa na wa pili, na hakuna aliyeona ajabu kwamba maneno ya mtu mmoja yaitwe mazungumzo, kwa sababu Kiswahili kinaruhusu.

Kirundi hakiruhusu. Neno lake la majadiliano ya amani ni "imishikirano", kutokana na "gushikirana", ambamo mna -an- ileile ya Kibantu juu ya kitenzi cha kufika. Kwa tafsiri ya mofimu kwa mofimu, imishikirano ni "mafikiano", kitendo cha watu kufikiana. Mtu hawezi kufikiana peke yake. Msikilizaji wa Mtabila aliyesikia asubuhi kwa Kirundi kwamba imishikirano imefunguliwa, kisha jioni akasikia kwa Kiswahili kwamba mazungumzo yamefunguliwa, alikuwa amepewa ahadi mbili zisizolingana uzito. Ya kwanza ilidai kwamba waliokuwa mbali wamefika mahali pamoja. Ya pili ilidai tu kwamba kuna mtu ameanza kusema.

Ingekuwa rahisi kutoka hapa na kukishutumu Kiswahili. Lakini hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Udhaifu wa "mazungumzo" ndio unaolifanya neno lifae kwa ufunguzi. Serikali ambayo jana iliapa kutowatambua wapiganaji haiwezi kutangaza leo kwamba imeanza "kupatana" nao, kwa kuwa kiambishi cha kutendana kingekuwa kimekiri usawa kabla ya mkutano. Inaweza, hata hivyo, "kuzungumza", kwa sababu kuzungumza hakuikiri chochote. Msamiati wa Kiswahili una ngazi: hupandwa kwa mazungumzo, hupita majadiliano, hufika makubaliano na mapatano. Neno la kwanza halina -an-, yanayofuata yanayo. Mazungumzo ya amani yanayokwama huwa yamekwama kwenye ngazi ya kwanza, ambako upande mmoja umefungua na bado unazungumza.

Hata kitenzi "fungua" kina lake la kusema. Kinachofunguliwa kilikuwa kimefungwa, na anayefungua ndiye mwenye ufunguo. Katika matumizi ya kawaida, mwenye ufunguo ni serikali au mwenyeji wa mkutano. Ni nadra kusikia kwamba waasi wamefungua mazungumzo. Wao "hukubali" au "hukataa" kuingia.

Mwasi hana upande

Mgeni wa pili katika sentensi hizi ni "mwasi". Shina "asi" limetoka katika Kiarabu na limekuja na mzigo wake wa kidini: maasi ni madhambi, na mtu huasi Mungu au wazazi wake kabla hajaasi serikali. Maana hiyo haijafifia. Mtoto aliyeasi hapatani na baba yake, huomba radhi. Kiumbe aliyeasi hajadiliani na Muumba wake, hutubu. Kwa hiyo neno "mwasi" humpanga mtajwa chini ya mtu fulani mwenye haki ya kutiiwa, na kutoka hapo njia iliyo wazi kwake ni ya kurudi, si ya kukaa upande wa pili wa meza. Maneno "kuzungumza na waasi" yana mgongano ndani yake, na mgongano huo huufanya ufunguzi usikike kama huruma.

Fasihi ya Kiswahili inatoa ushahidi wa aina yake. Mandhari ya mazungumzo kati ya dola na wapinzani wake wenye silaha ni adimu humo. Yaliyo mengi ni ya mahakama na ya mahojiano. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anasimama mbele ya mfalme kama mshtakiwa, na hoja yake yote kuhusu wajumbe waliotumwa pande sita za dunia na kurudi wakafungwa inatolewa kizimbani. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, Mjerumani hataki kuzungumza na kiongozi wa Maji Maji. Anataka akane kwamba maji yalikuwa na nguvu. Katika Haini ya Adam Shafi, jina la kosa limekaa kwenye jalada kabla ya msomaji kujua nani amefanya nini. Dola katika kazi hizi humsikiliza mpinzani wake, lakini humsikiliza akiwa mshtakiwa. Msomaji aliyelelewa na fasihi hiyo hana picha nyingi za kumsaidia kuwaza meza yenye pande mbili.

Burundi nayo ilikuwa na majina yake. Lugha rasmi ya Bujumbura katika miaka ya 1990 iliwaita wapiganaji wavamizi, magaidi, wauaji wa kimbari. Wapiganaji nao walikuwa na majina yao kwa jeshi. Lakini la kuangalia zaidi ni kile kilichotokea Roma. Kuanzia mwaka 1996 serikali ya Pierre Buyoya ilikutana kwa siri na CNDD ya Nyangoma kwa msaada wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na tarehe 10 Machi 1997 pande hizo zilitia saini waraka wa ajenda. Siri ilipofichuka, Bujumbura iliwaka hasira.

Kwa mtazamo wa kiisimu, siri ile haikuwa suala la usalama tu. Katika chumba cha siri hutumika nafsi ya kwanza na ya pili: sisi, ninyi. Hakuna anayelazimika kumwita aliye mbele yake "mwasi" wala "dikteta", kwa kuwa anamwita "ninyi". Tatizo la jina huanza pale mazungumzo yanapotangazwa, yaani yanapoingia nafsi ya tatu. Ndipo serikali hulazimika kuwaambia watu wake imekaa na nani. Tukio gumu la ufunguzi hutokea redioni kuliko linavyotokea ukumbini.

Ngeli mezani

Hapa ndipo upatanisho wa kisarufi unapokuwa na la kusema juu ya upatanisho wa wapiganaji. Zichukuliwe sentensi nne za mfano, ambazo kila msikilizaji wa taarifa za habari atazitambua kwa sura:

(a) Serikali imekubali kuzungumza na waasi.
(b) Serikali na waasi wamekubaliana kusimamisha mapigano.
(c) Serikali na CNDD-FDD zimetia saini mkataba.
(d) Pande zote zimeombwa kuheshimu mkataba.

Katika (a) kiima ni serikali peke yake. Waasi wako mwishoni, baada ya kihusishi "na", na kitenzi hakiwatazami kabisa: kiambishi i- kinapatana na serikali tu. Sentensi ingebaki na umbo lilelile hata kama waasi wangekuwa wamelala.

Katika (b) yametokea mambo mawili kwa pamoja. Kitenzi kimepata -an-, na kiima kimekuwa ambatani. Kiswahili kinapounganisha nomino ya ngeli ya i-/zi- na nomino ya watu katika kiima kimoja, mwelekeo wake ni kuchagua wa-. Serikali, ambayo ikiwa peke yake ni "i-", imelazimika kuwa "wa-". Imeshuka kutoka kwenye jengo na kuwa watu, kwa sababu imekaa pamoja na watu. Wahadhiri hufundisha kanuni hii kama suala la umbo, kisha wakaenda kwenye mada inayofuata. Lakini kwa msikilizaji wa vita, umbo hilo ni habari. Serikali ina mwili, inaweza kuchoka, inaweza kuogopa, inaweza kukubali.

Katika (c) usawa umepatikana kwa njia ya pili. Waasi wameacha kuwa waasi. Wametajwa kwa jina la chama chao, na jina hilo, kama vifupisho vingi vya taasisi, huchukua i- katika umoja na zi- katika wingi. Safari hii serikali haijashuka. Waasi ndio waliopanda. Wamekuwa taasisi yenye mhuri na mtia saini. Mabadiliko kutoka "waasi wame-" hadi "CNDD-FDD ime-" ndiyo tangazo halisi la kutambuliwa, na mara nyingi hutangulia tamko lolote la kisheria. Kundi la Pierre Nkurunziza lilitia saini ya kusimamisha mapigano Arusha tarehe 2 Desemba 2002, likafuatia Pretoria tarehe 8 Oktoba 2003, kisha Dar es Salaam tarehe 16 Novemba 2003. Anayefuatilia taarifa za kipindi hicho kwa sikio la mwanasarufi anashauriwa asihesabu saini tu, bali ahesabu pia viambishi.

Njia hizo mbili si sawa. Ya (b) husawazisha kwa kurudisha ubinadamu kwa wote wawili. Ya (c) husawazisha kwa kuuondoa. Diplomasia hupenda (c), na huipenda zaidi (d), ambamo hata majina yametoweka na zimebaki "pande". Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 una pande 19. Idadi hiyo inavutia kwa ukubwa wake, na inaficha kwamba FDD na FNL hazikuwa miongoni mwazo. "Pande zote" ni kirai chenye kujitosheleza mno: kinadai ukamilifu ambao hakuna aliyeuhakiki. Aliyekuwa Nduta mwaka 2000 alijua kwamba zote hazikuwa zote, kwa kuwa wapya waliendelea kuvuka mpaka.

Kisa cha FNL kinaonesha bei ya kiambishi. Kundi hilo liliafikiana na serikali juu ya misingi ya amani Dar es Salaam tarehe 18 Juni 2006, na likatia saini ya kusimamisha mapigano tarehe 7 Septemba mwaka huohuo. Utekelezaji ulikwama kwa miaka, na kikwazo kimojawapo kilikuwa jina lenyewe. Palipehutu, jina lililozaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, lilimtaja Mhutu ndani yake, na katiba ya Burundi haikuruhusu chama kubeba jina la kabila. Mwezi Januari 2009 kundi liliacha sehemu hiyo ya jina likabaki FNL, na Aprili likaandikishwa kama chama cha siasa. Bunduki zilikabidhiwa baada ya jina. Jina lililotungwa na wakimbizi katika ardhi ya Tanzania lilikuwa sehemu ya gharama ya kukubaliwa Bujumbura.

Mwalimu na uwanja wa Filipi

Haiwezekani kujadili lugha ya ufunguzi huu bila kumtazama aliyeufungua. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Wahakiki wameisoma kazi hiyo kama ithibati ya uwezo wa Kiswahili, au kama tafakuri ya kiongozi juu ya madaraka. Imesomwa kidogo sana kama kazi juu ya mazungumzo yaliyoshindikana, ilhali kitendo cha tano kinaanza na hayohayo. Kabla ya vita vya Filipi, Antoni na Oktavio wanakutana ana kwa ana na Bruto na Kasio. Majeshi yamesimama. Ishara ya kuanza mapigano inazuiliwa ili maneno yatangulie. Katika muda mfupi maneno yanageuka matusi. Kila upande unarudia jeraha la jana, upanga unachomolewa, na wanaachana bila kujadili jambo hata moja.

Nyerere aliipitia onesho hiyo mara mbili, neno kwa neno, miaka thelathini kabla ya kukaa Mwanza na Arusha. Kudai kwamba ilimfundisha usuluhishi kungekuwa kutunga wasifu. Kinachoweza kudaiwa ni cha kimuundo. Uwanja wa Filipi una nafsi ya pili tele, kwa hiyo ule utulivu wa chumba cha siri uliotajwa hapo juu hautokani na nafsi ya pili peke yake. Kinachokosekana Filipi ni mtu wa tatu. Hakuna mshenga. Wanaozungumza wanasikilizwa na majeshi yao tu, na kila neno linatamkwa ili liwafurahishe walio nyuma ya msemaji.

Kiswahili kina kitenzi cha huyo mtu wa tatu, nacho ni "patanisha". Ndani yake kuna pata, kuna -an- ya kutendana, kuna -ish- ya kusababisha: fulani anawafanya fulani na fulani wapatane. Ni kitenzi chenye nafasi ya watu watatu, na yule wa tatu ndiye kiima. Kwa maana hiyo vyombo vya habari vilipomwita Nyerere "mpatanishi" au "msuluhishi" vilimpa madaraka makubwa. Cheo chake rasmi kilikuwa cha mwezeshaji, na "wezesha" haina -an- yoyote: humpa mwingine uwezo, haidai kwamba itamkutanisha na adui yake. Kirundi kilimwita "umuhuza", mwenye kuunganisha, kwa shina lilelile lililomo katika jina la idhaa ya Gahuzamiryango, inayounganisha familia. Kwa wakimbizi, basi, yule mzee wa Arusha na ile redio ya jioni walikuwa na kazi moja kwa jina.

Tofauti kati ya cheo na matarajio haikuwa ndogo. Bujumbura ilimshuku Nyerere kwamba ana upande, hasa baada ya nchi jirani kuiwekea Burundi vikwazo kufuatia mapinduzi ya Buyoya ya tarehe 25 Julai 1996. Mwezi Agosti 1997 serikali ilikataa kuhudhuria kikao kilichoitishwa Arusha, na mojawapo ya malalamiko yake yalihusu Tanzania na makambi yake. Mpatanishi akishukiwa, sentensi yake hupoteza kiima. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mkataba ukiwa bado, na kiti chake kikapewa Nelson Mandela.

Wasioingia kwenye kiima

Yapo malalamiko ya Bujumbura, na yapo majibu ya Dar es Salaam. Burundi ilidai kwamba makambi ya magharibi mwa Tanzania yalikuwa maficho na mahali pa kuandikishia wapiganaji. Tanzania ilikanusha, lakini mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi lake liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini na kuwaingiza kambini, wakiwamo waliokaa miaka mingi na kuoa au kuolewa na wenyeji. Mwaka uliofuata Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilibana zaidi mipaka ya kutembea kwao. Shamba la Mha lililolimwa na kibarua wa Kirundi lilibaki bila kibarua, na familia zilizozungumza lugha karibu moja zilitenganishwa kwa kibali kilichoandikwa kwa lugha ya tatu.

Neno "mkimbizi" lenyewe lilishiriki katika utata huo kwa namna ya ajabu. Asili yake ni "kimbia", ambamo l iliyopotea bado inaonekana katika "kimbilia" na kugeuka z katika "mkimbizi", kama "penda" inavyotoa "mpenzi". Lakini kwa umbo la sasa, mtu asiyejua historia ya sauti angeweza kulitoa katika "kimbiza": mwenye kuwafanya wengine wakimbie. Tuhuma ya Bujumbura ilikuwa hiyohiyo. Kila mkimbizi alishukiwa kuwa mkimbizaji.

Zirejewe sasa zile sentensi nne. Mkimbizi hayumo hata katika moja. Hayumo kwenye "serikali", hayumo kwenye "waasi", na tuhuma zote za kumweka humo alizikana ili asipoteze hifadhi. Hayumo katika "pande". Utafiti wa Liisa Malkki huko Mishamo na ule wa Simon Turner katika kambi ya Lukole, Ngara, umeonesha jinsi makambi yalivyojaa siasa, historia zinazosimuliwa na ushindani wa vyama, licha ya matakwa ya mashirika ya kumwona mkimbizi kama mhitaji asiye na kauli. Sarufi ya taarifa za amani ilikubaliana na mashirika. Mkimbizi aliingia katika sentensi baada ya mapatano kukamilika, tena katika kauli ya kutendwa au kutendeshwa: wakimbizi watapokelewa, watasajiliwa, watarejeshwa.

Mkataba wa Arusha uliwatengea nafasi katika Itifaki ya Nne, ile ya ujenzi mpya na maendeleo. Kirai kilichozoeleka katika ofisi za Kibondo na Kasulu kikawa "kurejea kwa hiari". Kirai hicho hakina budi kusomwa polepole. "Rejea" ni tendo la mwenyewe, anayerejea ameamua. Kuongezwa kwa "kwa hiari" kunaleta shaka mahali ambapo hapakuwa na shaka, kama mtu anayesema amekula kwa mdomo wake mwenyewe. Hiari hutajwa pale ambapo "kurejeshwa" kunanyemelea. Mwaka 2012 hadhi ya ukimbizi ya walio wengi wa Mtabila iliondolewa, na kambi ikafungwa mwezi Desemba. Kitenzi kilichoelezea kuondoka kwao kilitegemea nani anasema.

Pengo hili halikuwa la lazima. Kiswahili kinaruhusu kabisa kusema "Serikali, waasi na wakimbizi wamepatana", na upatanisho wa kisarufi usingepata taabu yoyote: wa- ingewabeba wote watatu. Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Ni sentensi ambayo hapakuwa na mtu wa kuitamka.

Jina huhama

Mwaka 2005 Pierre Nkurunziza alikuwa Rais. CNDD-FDD, iliyokuwa "waasi wame-" mwaka 1998 na "CNDD-FDD ime-" mwaka 2003, sasa ilikuwa "Serikali ime-". Ilipokaa na FNL Dar es Salaam mwaka 2006, ilikaa upande wa mwenye ufunguo, na maneno yaliyowahi kutumiwa dhidi yake yalikuwa tayari mezani kwa matumizi yake. Mgogoro wa muhula wa tatu ulipozuka Aprili 2015, watu walivuka tena Malagarasi na milima ya Manyovu. Nyarugusu ilifurika, Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa upya mwezi Oktoba 2015, na Mtendeli, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Kakonko, ikafuata Januari 2016. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikamteua Benjamin Mkapa kuwa mwezeshaji, na vikao vikarudi Arusha. Serikali ya Burundi ilikataa kukaa meza moja na wapinzani iliowahusisha na jaribio la mapinduzi la Mei 2015. Kwa maneno mengine ilikataa sentensi (b), ikakataa (c), na ikabaki na (a) ambayo haikumaliziwa.

Baadhi ya watu wazima walioandikishwa Nduta mwaka huo walikuwa wamezaliwa katika makambi ya Kibondo na Kasulu na kurudi Burundi wakiwa wadogo. Waliwahi kuandikwa kama warejeaji. Katika fomu mpya waliandikwa wakimbizi, na mezani hapakuwa na jina lao.